Nauli ya Kemo: Jinsi ya Kumshika Mkono Kijana Anayetibiwa Saratani Mbali na Nyumbani

Kwa familia nyingi hapa Kenya, habari za saratani huja na vitu viwili: simu ya usiku, na grupu jipya la WhatsApp. Kufikia asubuhi grupu lina watu themanini, mweka hazina ameshateuliwa, na orodha imeanza kusonga: fulani 1,000, fulani 500, fulani "nitatuma mwisho wa mwezi". Kwa kuchanga, Wakenya hatuhitaji kufunzwa. Harambee tunaijua tangu enzi za babu zetu, na tangu M-Pesa ianze Machi 2007, hata aliye Lodwar anaweza kumchangia mgonjwa aliye Nairobi kabla chai yake haijapoa.

Kazi ngumu inakuja baadaye. Wiki ya sita, ya kumi, ya ishirini. Grupu limenyamaza. Matibabu hayajafika hata nusu. Na mgonjwa, hasa akiwa kijana, anaona haya kuandika tena "naomba nauli".

Makala haya ni yako wewe uliye mbali na mgonjwa: dada aliye Mombasa, mjomba aliye Doha, binamu aliye kazini Nakuru. Hoja yetu ni moja. Saratani hailipiwi kwa siku moja kubwa ya mchango, inalipiwa kwa kalenda. Pesa ndogo inayofika kwa siku yake inaweza kusaidia kuliko pesa nyingi iliyolala kwa akaunti ikingoja bili kubwa.

Alikuwa na viatu tayari

Binamu yangu ana miaka 22. Kwao ni Wundanyi, kaunti ya Taita Taveta, lakini ugonjwa ulimkuta Thika akisomea stashahada ya umeme. Uvimbe shingoni usioisha, jasho la kulowesha shuka usiku, suruali zinazomvuka kiuno. Kipande cha tezi kikachukuliwa kupimwa, na majibu yakawa limfoma ya Hodgkin. Hii ni saratani ya mfumo wa limfu, na ni moja ya zile zinazowapata sana vijana. Pia ni moja ya zile zinazotibika vizuri, bora dawa zifuatwe bila kukatizwa.

Mpango wake ulikuwa kemo kila baada ya wiki mbili, mara 12. Hiyo ni miezi sita. Akaahirisha masomo, akahama hosteli, akaenda kukaa kwa Mama Mkubwa huko Kahawa West.

Grupu lilichanga vizuri. Kufikia wiki ya sita kulikuwa na shilingi 61,000, zote salama, mweka hazina akizilinda kwa ajili ya bili kubwa. Hakuna aliyekula hata shilingi moja. Lakini Alhamisi ya kemo ya nne, Mama Mkubwa alirudi kutoka sokoni saa tano asubuhi akamkuta kijana kwenye kochi, amevaa viatu, begi liko miguuni. Hakuwa na nauli. Pesa yake ya mwisho ilikuwa imeishia kwa kipimo cha damu siku iliyotangulia, na hakutaka kusumbua watu. Akasema, "Nitaenda tu wiki ijayo, Mama Mkubwa," kama mtu anayeahirisha kunyolewa.

Elfu sitini na moja kwa akaunti, na kemo imekosekana kwa sababu ya shilingi 700.

Kemo hupangwa kwa nafasi maalum. Dawa inatakiwa kuzishambulia seli za saratani tena kabla hazijajijenga upya, na wakati huo huo mwili uwe umepata muda wa kurudisha nguvu ya damu. Ndiyo maana kabla ya kila kemo kuna kipimo cha damu. Daktari akiona damu iko chini anaweza kusogeza siku mbele, na hiyo ni sababu ya kitabibu. Nauli si sababu ya kitabibu.

Tangu siku hiyo familia ilibadilisha mtindo. Hiki ndicho tulichofanya, pamoja na mambo mengine ambayo mtumiaji yeyote wa pesa za simu anaweza kuyatumia.

1. Geuza harambee iwe kalenda

Anza na karatasi ya matibabu, si na idadi ya watu kwenye grupu. Muulize mgonjwa, au mtu anayemsindikiza: ni kemo ngapi, kila baada ya siku ngapi? Kipimo cha damu ni siku gani? Kuna tiba ya mionzi baadaye? Hili la mwisho lina uzito, kwa sababu mionzi kwa kawaida hutolewa siku tano kwa wiki, Jumatatu hadi Ijumaa, na yaweza kuendelea kwa wiki kadhaa. Mgonjwa wa mbali hawezi kwenda na kurudi kila siku. Atahitaji mahali pa kulala karibu na hospitali.

Ukishajua mzunguko, piga hesabu ya mzunguko mmoja tu. Yetu ya wiki mbili ilikuwa hivi:

- Nauli ya siku mbili, ya kipimo na ya kemo, kwenda na kurudi: 1,400
- Chakula na matunda: 3,500
- Mchango kwa mwenyeji, wa unga, gesi na stima: 3,000
- Vipimo na dawa ambazo bima haikulipa: 3,000
- Bando na kredo: 300
- Pesa yake ya mfukoni: 1,000
- Akiba ya dharura: 1,500

Jumla ni 13,700. Kwa mizunguko 12 inakuwa 164,400. Ukiitaja hiyo ya pili kwenye grupu watu wanashtuka. Ukiitaja ile ya kwanza na kuigawa, inabebeka. Watu saba walisema wataweza 1,000 kila wiki mbili, wanne wakasema 500, na Mjomba aliye Doha akachukua 4,700 iliyobaki. Watu 12. Wale wengine wote walibaki kwenye grupu kwa ajili ya bili kubwa na maombi, na hakuna aliyewadai kila wiki.

Gharama za familia yako zitakuwa tofauti, lakini njia ni ile ile. Tafuta watu wachache wenye uhakika, kila mmoja na kiasi chake, kila mmoja na siku yake. Ni afadhali mtu aahidi 300 na aitoe mara kumi na mbili, kuliko aahidi 10,000 aanze kukwepa simu.

Siku ya kutuma iwe siku tatu kabla ya kemo, isiwe asubuhi ya kemo. Mtandao unaweza kusumbua, mshahara unaweza kuchelewa, wakala anaweza kukosa floti. Siku tatu zinakupa nafasi ya kurekebisha. Kama programu yako ya simu ina huduma ya malipo ya kujirudia, iweke mara moja na uisahau. Kama haina, weka alamu kwenye simu na uipe jina la mgonjwa, sio "mchango".

2. Tenganisha mifuko mitatu

Pesa zote zikikaa pamoja, kila shilingi inakuwa ya kujadiliwa. Zigawe tangu mwanzo.

Mfuko wa kwanza ni wa bili za hospitali. Huu ukae na mweka hazina, na ulipwe moja kwa moja kwa hospitali. Soma nambari ya Paybill na nambari ya akaunti kutoka kwa bili yenyewe. Huduma nyingi za serikali ya kitaifa hulipiwa kupitia eCitizen, Paybill 222222, lakini hospitali za kaunti na za kibinafsi huwa na nambari zao. Usikisie, na usitumie nambari uliyotumiwa na mtu kwenye grupu bila kuiona kwenye karatasi. Ukilipa hivi unaweza kulipa ukiwa Mombasa au Kisumu, na risiti inabaki kwa simu yako.

Mfuko wa pili ni wa matumizi ya kila mzunguko: nauli, chakula, vipimo vidogo. Huu utumwe kwa mgonjwa mwenyewe.

Mfuko wa tatu ni wa dharura. Uwe kwa simu ya mtu anayeishi naye, kwa sababu dharura ya saratani huja usiku. Kemo hupunguza seli nyeupe za damu, zile zinazopigana na maambukizi, kwa hivyo homa ambayo kwako ni ya kumeza dawa na kulala, kwake inaweza kuwa hatari ndani ya saa chache. Nyumba iwe na kipimajoto. Kikisoma nyuzi 38 au zaidi, si wakati wa kungoja asubuhi wala wa kuuliza grupu. Ni kuita gari na kwenda hospitali. Ile 1,500 yetu ilikuwa ya gari hilo. Ilitumika mara mbili.

3. Kijana ni mtu mzima, mpe pesa yake mkononi

Hapa ndipo familia nyingi hukosana. Mgonjwa wa miaka 22 si mtoto wa kulazwa mama yake akiwa kando, wala si mzee mwenye watoto wa kumtumikia. Juzi alikuwa na chumba chake, marafiki zake, vibarua vyake vya kufunga nyaya wikendi. Ghafla kila kitu anaomba: nauli, sabuni, hata bando la kuongea na rafiki zake.

Pesa ya mfukoni si anasa. Ile 1,000 yetu haikuwa na risiti. Kama aliinunulia smokie na mayai boilo, sawa. Kama alimtumia msichana wake kredo, sawa pia. Kabla ya utaratibu huu aliwahi kuulizwa kwenye grupu, mbele ya watu themanini, kwa nini nauli ilipanda kwa shilingi 150. Mvua ilikuwa imenyesha na matatu zikapandisha, lakini hakueleza. Alinyamaza tu, na wiki ya sita tukajua alichokuwa ameamua: ni heri kukosa kemo kuliko kuulizwa tena.

Maswali ya hesabu yaende kwa mweka hazina, kwa simu, si hadharani kwa mgonjwa. Mweka hazina naye atume taarifa moja kwa mwezi: zimeingia ngapi, zimetoka ngapi, zimebaki ngapi. Taarifa ya miamala kutoka kwa simu yake inatosha kuonyesha kila kitu. Watu wakiona hesabu safi hawaulizi maswali ya kuumiza.

Laini yake iwe kwa jina lake na kitambulisho chake. Vijana wengi bado wanatumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mzazi tangu shule ya upili. Hospitali inaweza kutaka kumthibitisha mgonjwa wa SHA kwa alama za vidole, na pale inapotumika nambari ya uthibitisho, hutumwa kwa simu iliyosajiliwa. Kama nambari iliyosajiliwa SHA ni ya simu ya baba, ujumbe unaingia Wundanyi huku mgonjwa amesimama dirishani Nairobi.

Na PIN yake ni yake. Hata akiwa amelazwa, hata akiwa hana nguvu. Kama kuna haja ya mtu mwingine kumlipia vitu, mtumie huyo mtu pesa kwa laini yake mwenyewe.

4. Usimsahau mwenyeji

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgonjwa wa kemo hawezi kupewa jembe, kwa hivyo mwenyeji ndiye anayelibeba. Mama Mkubwa alikuwa akipika mara nne kwa siku, kwa sababu anayetapika hali chakula kingi kwa mara moja. Maji ya kuoga yalichemshwa kwa gesi. Tokeni za stima ziliisha haraka. Hakulalamika hata siku moja, na hiyo ndiyo sababu ingekuwa rahisi kumsahau.

Mtumie mwenyeji mchango wake moja kwa moja, kwa jina lake, bila kungoja aombe. Unaweza pia kumlipia tokeni au gesi ukiwa mbali. Nyumba ya mwenyeji ikichoka, mgonjwa ndiye wa kwanza kuhisi, na anaweza kuanza kusema amepata nafuu ili arudi nyumbani kabla ya wakati.

5. Bima kwanza, mchango baadaye

SHA ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 1, 2024. Kabla hujachanga shilingi moja, hakikisha mambo haya.

Usajili wa mgonjwa mwenyewe. Piga *147# kwa simu yake uone hali. Usidhani kijana aliyefikisha miaka 18 bado yuko chini ya wazazi, hata kama alikuwa kwenye kadi yao ya zamani. Kagua.

Malipo. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiye na ajira rasmi hupimwa mapato ya kaya, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, ambacho kwa kawaida hulipwa kwa mwaka mzima, yaani 3,600. Kwa kijana asiye na kazi, hiki ndicho kiwe kitu cha kwanza kabisa ambacho familia inamlipia.

Kikomo. SHA ilipoanza, matibabu ya saratani yalikuwa na kikomo cha shilingi 400,000 kwa kaya kwa mwaka, kisha 150,000 kutoka kwa mfuko wa magonjwa sugu na ya dharura hicho kikiisha. Viwango hivi hurekebishwa, kwa hivyo uliza dawati la SHA hospitalini kiwango cha sasa na salio lililobaki. Uliza baada ya kila kemo, si mwishoni. Ukijua salio linaisha mwezi wa nne, una muda wa kupanga ule mfuko wa bili.

Idhini. Matibabu mengi ya saratani yanahitaji idhini ya SHA kabla ya kutolewa. Mgonjwa aulize mapema kama idhini ya kemo inayofuata imetoka, ili asisafiri bure.

Na kama bili imezidi uwezo kabisa, hospitali kubwa za umma zina maafisa wa ustawi wa jamii. Waone mapema, ukiwa na barua ya chifu na karatasi za matibabu. Hao pia ndio wanaojua malazi ya bei nafuu karibu na hospitali.

6. Uliza kama kuna karibu zaidi

Zamani tiba ya mionzi katika hospitali za umma ilikuwa Kenyatta tu, na foleni yake ilikuwa ndefu. Sasa kuna Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta pale Kahawa, ya Moi kule Eldoret, na vituo vya saratani vya kanda Mombasa, Nakuru na Garissa. Kwa mtu wa Taita Taveta, kutoka Voi hadi Mombasa ni kama nusu ya safari ya kutoka Voi hadi Nairobi.

Hii haimaanishi kila mtu ahame. Daktari aliyeanza naye anaijua kesi yake. Lakini ni swali halali kabisa: kuna sehemu ya matibabu haya, hata kipimo cha damu peke yake, inayoweza kufanyiwa karibu na nyumbani? Kila safari inayopungua ni nauli iliyookolewa na siku moja ambayo kijana analala kitandani mwake.

7. Makato yanakula polepole

Kumtumia mtu 500 mara kumi si sawa na kumtumia 5,000 mara moja, na kwenye kutoa pesa tofauti ni kubwa zaidi. Kwa viwango vya M-Pesa vya mwaka wa 2024, kutoa 500 kwa wakala kuligharimu shilingi 29, na kutoa 5,000 kuligharimu 69. Kwa hivyo kutoa 500 mara kumi ni 290, dhidi ya 69. Tofauti ya 221 inakaribia bando la mzunguko mzima.

Fanya hivi:

- Wachangiaji wote watume kwa mweka hazina, naye atume kwa mgonjwa mara moja kwa mzunguko.
- Mgonjwa asitoe pesa ambazo anaweza kulipa kwa simu. Kwa duka la dawa na supamaketi, alipe kwa Till.
- Anayetuma aongeze ada ya kutoa pale ambapo pesa taslimu inahitajika, kwa mfano ya matatu.
- Aliye ng'ambo aulize mambo mawili, ada ya kutuma na bei ya kubadilisha pesa. Huduma yenye ada ndogo inaweza kuwa na bei mbaya ya shilingi. Linganisha kiasi kinachofika, sio kinachokatwa.

Na ukipanga bili kubwa, kumbuka mipaka: M-Pesa inaruhusu hadi 250,000 kwa muamala mmoja na 500,000 kukaa kwa akaunti.

8. Matapeli hunusa ugonjwa

Picha ya kijana aliyelazwa ikizunguka mtandaoni na nambari ya kuchangia, kuna watu watakaobadilisha nambari na kuisambaza tena. Wengine watapiga simu: "Mimi ni daktari wa zamu, hali imebadilika, tuma 8,000 ya dawa sasa hivi." Sauti iko juu, kelele za wodi ziko nyuma, na wewe uko mbali.

Kanuni zetu ni rahisi:

- Hakuna daktari anayepokea malipo ya hospitali kwa nambari yake binafsi. Kata simu, mpigie mgonjwa au mwenyeji.
- Soma jina linalojitokeza kabla ya kuthibitisha. Si la mweka hazina? Simama hapo.
- Ujumbe wa "pesa zimeingia" si ushahidi. Angalia salio lako kwenye menyu.
- Mtu akidai alikutumia pesa kimakosa, usimrudishie mwenyewe. Mwambie aombe kurejeshewa kupitia kampuni yake.
- Usiweke karatasi za hospitali au nambari ya kitambulisho kwenye grupu. Picha ya mgonjwa pia, mpaka yeye mwenyewe akubali. Ni mwili wake, na siku moja atakuwa anatafuta kazi.

9. Mkopo wa simu si wa safari ndefu

Mkopo wa haraka unaweza kukuvusha usiku mmoja, kama gari la hospitali saa nane. Lakini ukianza kulipia nauli ya kemo kwa mkopo, kumbuka baada ya wiki mbili kuna nauli nyingine, na pesa itakayoingia itakatwa deni kwanza. Wale watu wanaotuma wataona "nimetuma 2,000", na mgonjwa ataona 400. Hii ni sababu nyingine ya kutotumia laini yenye deni kupokea michango. Kagua laini ya mgonjwa na ya mweka hazina kabla ya kuanza.

10. Maswali ambayo kijana anaweza kuona haya kuuliza

Pesa si kila kitu. Kuna maswali ambayo mtu wa umri huu hubaki nayo moyoni, na wewe binamu au dada unaweza kumsaidia kuyaandika kabla ya kumwona daktari.

Nitaweza kupata watoto? Baadhi ya dawa za kemo zinaweza kuathiri uzazi, na swali hili linafaa kuulizwa kabla ya kemo ya kwanza, kwa sababu njia za kujikinga hufanywa kabla ya dawa kuanza.

Shule itakuwaje? Aombe kuahirisha kwa barua, aambatishe barua ya daktari, na abaki na nakala. Kama ana mkopo wa HELB, awajulishe pia.

Nywele zitarudi? Mara nyingi hurudi baada ya kemo kuisha.

Halafu mpigie simu ambayo haina pesa ndani yake. Muongelee Gor na AFC, muongelee drama za ofisini. Binamu yangu aliniambia kwamba baada ya miezi mitatu alikuwa anajua sauti ya mtu anayetaka kuuliza "umeendeleaje" na kukata. Waliomsaidia ni wale waliobishana naye.

Ikifika mwisho, isikatike ghafla

Kemo 12 zimeisha. Picha ya baada ya matibabu ilionyesha uvimbe umenywea, na sasa yuko kwenye ufuatiliaji: kumwona daktari kila baada ya miezi kadhaa, vipimo, safari tena. Hakuna anayejua picha inayofuata itasema nini. Watu watano kati ya wale 12 wamekubali kuendelea na 300 kila mwezi, ili siku ya kliniki isije ikamkuta tena kwenye kochi na viatu vyake. Thika amerudi muhula huu.

Kama una mtu wako aliye kwenye matibabu sasa, usingoje grupu liamke. Leo jioni fanya mambo matatu. Muulize tarehe ya kemo inayofuata na uiandike. Chagua kiasi ambacho hutakosa, hata kama ni 200, na ukipange kifike siku tatu kabla. Kisha mtumie ujumbe mfupi: "Nauli ya tarehe hiyo iko kwangu. Usiombe, itafika."

Ukiona makala haya yatamfaa mweka hazina wa familia yako, mtumie. Na ukikwama kuweka malipo ya kujirudia au kupata taarifa ya miamala, wasiliana na huduma kwa wateja kupitia programu yako. Kumbuka tu: hakuna mhudumu wetu atakayekuuliza PIN.